Pole ya Mama Ufagio

Bakuli la ubatizo lilikuwa vipande vitatu sakafuni, na mzee mtunza kanisa alisimama mbele yake, mikono ameibana kwapani kama mtu anayesikia baridi. Mama Ufagio alilisikia likipasuka akiwa mlango wa nyuma, anasuuza vitambaa. Alikuja mbio, akaviona vipande, akauona uso wa mzee wa watu, na neno likamtoka kabla hajawaza.

"Pole, mzee wangu. Pole sana, jamani."

Hawakuwa peke yao. Watu watatu walikuwa wameingia: mama kiongozi wa usharika ule wa wenyeji, mkalimani wake, na mwenyekiti wa msafara uliomleta Mama Ufagio huku ng'ambo. Mkalimani, mwalimu mstaafu aliyejifunza Kiswahili vitabuni hadi akakipenda kuliko wengine tuliozaliwa nacho, alimtafsiria kiongozi wake kwa sauti ya chini. Kisha akageuka.

"Anauliza, ilikuwaje ukalivunja?"

"Nani, mimi?"

"Umeomba msamaha. Mara mbili."

Mwenyekiti alishika kichwa. Tangu mwanzo alinuna mchungaji alipomwandika mfagizi kwenye orodha ya watu tisa wa kutembelea usharika rafiki. Mfagizi akafanye nini huko? Naye Mama Ufagio alimjibu kwa namna yake: walipofika, wenzake walipiga picha, yeye akauliza mafagio yanakaa wapi.

Siku nne alikuwa amefanya kazi na yule mzee, bila lugha. Mzee alimwonyesha jinsi ya kupaka nta mabenchi kwa kufuata mistari ya mbao. Yeye akamwonyesha kunyunyiza maji kabla ya kufagia, vumbi lisiruke. Walicheka sana, sijui walichekea nini. Na alikuwa ameona kitu kingine, ambacho hakumwambia mtu: mikono ya mzee. Ilitetemeka. Mkalimani alishamdokezea kuwa wazee wa kanisa wanataka mtunza wao apumzike, na kwamba nyumbani kwake hana mtu wa kumsubiri.

"Nilisema mimi!" mwenyekiti alifoka. "Umetuvua nguo ugenini. Mtoto anabatizwa leo saa nne, wa kwanza hapa kwa miaka mitatu! Sema haraka, umevunja au hukuvunja?"

Mama Ufagio aliviangalia vile vipande. Miaka ishirini na miwili ya kufagia kanisa la nyumbani hakuwahi kuvunja hata glasi. Hakuwa na nyumba wala shamba. Alikuwa na jina. Watu wakisafiri walimwachia funguo zao bila kufikiri mara mbili. Sasa akisema si yeye, amemtaja mzee, maana lilipovunjika humu ndani walikuwa wawili tu. Na akisema ni yeye, amedanganya kanisani.

"Mimi nimesema pole," alisema taratibu. "Kwetu pole anapewa aliyepatwa na jambo. Wewe mwalimu ukijikwaa pale kwenye ngazi nitakwambia pole, na ngazi sikuijenga mimi."

"Basi nani amelivunja?" mwenyekiti akadakia.

"Hapo sina neno. Mkiona ni mimi, haya, nitarudi na lawama hiyo nyumbani."

Nitasema wazi: nimewajua watu wengi wa kanisa, wenye vyeo na wenye sauti nzuri, na sidhani kama mmoja wao angelijibu hilo swali hivyo.

Mkalimani alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Alitafsiri upya, safari hii kwa kirefu, akishika kifua, akionyesha ngazi. Mzee alisikiliza. Akaitoa mikono kwapani, akainyoosha mbele ya kiongozi wake, nayo ikatetemeka bila kumsubiri aongee. Kisha akaongea, maneno machache.

"Anasema ni yeye," mkalimani alieleza. "Anasema ameificha mikono hii mwaka mzima. Na anasema huyu mama alijua. Kila asubuhi humpokea ufunguo, anafungua kufuli, huku anatazama pembeni ili yeye asione haya."

Mama kiongozi aliinama akaokota vipande mwenyewe, akavifunga kwenye skafu yake. Alipoinuka alisema jambo moja tu, nalo likatafsiriwa: ya kazi yatazungumzwa Jumatatu, na mtoto yuko njiani.

Jikoni palikuwa na beseni jeupe la kuoshea mboga. Mama Ufagio alilisugua mara tatu, akalisuuza, akalifuta kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, akatia maji. Mwenyekiti, ambaye sasa hakujua pa kuweka macho, alimfuata.

"Lete nikubebee, mama."

"Asante, baba. Lina mtu wake."

Saa nne watu walisimama. Mzee alikuwa mlangoni, na Mama Ufagio alipomnyooshea beseni, mzee alitikisa kichwa, akarudi nyuma hatua moja. Mama Ufagio alimwonyesha kwa kidevu tu, atazame ndani. Maji yalikuwa nusu tu, mbali na ukingo.

Mzee alilipokea. Akaingia katikati ya mabenchi, hatua kwa hatua, maji yakipanda upande mmoja wa beseni, yakishuka, yakipanda upande wa pili, na alipofika benchi la tatu kutoka mbele, sakafu nyuma yake ilikuwa bado kavu.