Ungeniletea Hata Mkono Mmoja

Kwa maelezo ya muuza vifungo wa mlango wa pili, mambo yalikwenda hivi: yule fundi wa ng'ambo ya barabara alimfuata matroni wa hospitali hadi nyumbani kwake, akamlainisha kwa maneno na gauni la hariri, na kulipokucha kazi ya sare themanini za wauguzi ikawa yake. "Mjomba wako kachezewa rafu," alimnong'oneza mpwa. "Nimeona kwa macho yangu haya mawili." Macho hayo, siku anayoisema, yalikuwa kwa daktari wa meno pamoja na mwenye nayo.

Mpwa hakubishana. Yeye alikuwepo.

Matroni aliingia Jumatatu akitokea ng'ambo, kwa yule fundi, akakunjua mchoro juu ya meza. "Nataka kuona moja kwanza. Kamati inakaa Alhamisi asubuhi. Sitaki mapambo, nataka nguo ya kazi." Mjomba akaupokea mchoro kwa mikono miwili.

Sasa, karakana ya mjomba ilikuwa na sheria yake. Kitambaa kipya kilazwe kwenye maji usiku mzima, kianikwe kivulini, kisha kipumzike mezani siku mbili, kimefunikwa shuka kama mgonjwa. Kabla ya hapo mkasi haukigusi. Ndiyo maana nguo za mjomba hazikuwahi kusinyaa, na jina lake lilijengwa hapo.

Jumanne, mpwa alitoa kipande kilichobaki kwenye kazi ya zamani. "Mjomba, hiki kimeshalowekwa. Kinatosha gauni moja. Nikikianza sasa, jioni tunapiga pasi."

"Rangi siyo."

"Imepishana kidogo tu. Yeye anataka kuona mshono."

"Wewe binti, umezaliwa jana, leo unanifundisha kushona? Matroni ni mtu mzima, atasubiri. Kaa."

Fundi mmoja mrefu, waliyemwita Ngazi, akadakia kutoka kwenye cherehani yake, "Usikiamshe kitambaa cha watu, kitaanza kulia hapa tukose wa kukibembeleza." Karakana nzima ikacheka. Mpwa naye akacheka, na kwa kicheko hicho hajajisamehe mpaka leo.

Jumatano mchana, kupitia dirishani, alimwona fundi wa ng'ambo akitoka mbio na gauni kwenye hanga. Nyuzi zinaning'inia, ukosi umekwenda upande. Akamwita mjomba aje aone. Mjomba alichungulia, akaguna. "Ile ni nguo au gunia?"

Ya kwao ilikamilika Ijumaa. Walikwenda wote wawili hospitalini. Matroni aliipapasa, akaigeuza ndani nje, akatafuta kasoro asiione. Kisha akaikunja taratibu na kumrudishia mjomba mikononi.

"Baba, hii ndiyo nguo. Ila jana kwenye kamati nilikuwa na moja tu ya kuonyesha. Ungeniletea hata mkono wake mmoja, ningekutetea."

Wakashika njia ya kurudi karakana. Walipofika, muuza vifungo alikuwa mlangoni na habari yake ya hariri, na mjomba akaikumbatia kama ndugu aliyepotea. "Si nilisema!" Hakuwa amesema kitu. Tangu siku hiyo kila mteja anasimuliwa, na kila anaposimulia lile gauni la hariri linazidi kurefuka.

Ngazi alivuka barabara wiki ileile, hata kuaga hakuaga. Cherehani mbili zimefunikwa, yake na nyingine iliyokosa kazi. Kila asubuhi wauguzi wanapita mbele ya karakana na kosi zilizokwenda upande, wanawahi kazini, wala hakuna anayelalamika.

Leo simu imelia, mpwa ndiye aliyeipokea. Ni mwalimu mkuu wa shule moja. Mpwa ameifunika kwa kiganja, amemsogelea mjomba, mtu aliyemlea na kumfundisha hata kutunga uzi kwenye sindano.

"Mjomba, mashati hamsini. Anataka kuona moja jioni hii. Tusipoweza, anapiga ng'ambo. Kitambaa tunacho, ila hakijalowekwa."

Mjomba amevua miwani. Anaifuta kwa pindo la shati, kioo cha kulia, kisha cha kushoto, halafu anarudia cha kulia.

"Tukiikosa na hii, hata cherehani yangu itafunikwa. Niruhusu, mjomba. Nimwambie tunaleta?"

Kwenye simu, mwalimu mkuu anakohoa.

"Mjomba?"