Moshi wa Jiko la Nani

Mume akirudi nyumbani ameshiba, mke mwenye akili huuliza ameshibia wapi. Sadiya hakuwa na haja ya kuuliza. Mwezi huo Waqo, mumewe, alikuwa amepata kazi ya kuwazungusha wageni mjini Isiolo waonje chakula cha kila kabila: anjera na chai ya maziwa ya ngamia kwa Wasomali, mukimo kwa Gacheri Mmeru, samaki wa kukausha kwa Waturkana, na nyirinyiri, ile nyama iliyokaangwa ikahifadhiwa ndani ya mafuta, karibu na soko la mifugo. Mtu anayeonja kutwa nzima hawezi kuja kulilia ugali jioni. Hilo Sadiya alilikubali, ingawa kwa shingo upande.

Kilichomshinda ni moshi.

Siku ya kwanza alidhani pua inamdanganya. Siku ya pili alilishika shati la Waqo akalinusa mgongoni, kwapani na kwenye ukosi, kama mbuzi anayetafuta chumvi. Haukuwa moshi wa makaa ya hoteli, wala wa nyama choma. Ulikuwa moshi wa ejersa, mti ambao wanawake wa Kiborana kama yeye huuchoma ili kufukiza vibuyu vya maziwa, maziwa yasiharibike na yapate ladha. Hiyo si kazi ya mwanamume. Basi kama mume wako ananuka ejersa na wewe hujawasha, yupo mwanamke mwingine aliyewasha, na mumeo amemkaribia vya kutosha.

Siku ya tatu akakuta msumari ulio nyuma ya mlango hauna kitu. Hapo ndipo kilipokuwa kikining'inia kibuyu kidogo alichoachiwa na marehemu mama yake, aliyekifukiza kwa miaka arobaini kule Kinna. Kila Sadiya alipofungua kifuniko, kabla hata ya kuyaona maziwa, ilimjia harufu ya mikono ya mama. Akakaa kitandani. Mume kuwa na mwanamke, haya, wanaume wanajulikana. Lakini kumpelekea kibuyu cha mama!

"Baba Halake, kibuyu ya mama iko wapi?" alimwuliza asubuhi.

"Kibuyu gani?" Waqo akaanza kutafuta viatu, na viatu alikuwa amevivaa.

Umulkheir, jirani yake, aliposimuliwa hakutoa hata pole.

"Lisemwalo lipo, Mama Halake. Kama halipo, laja."

"Kwani watu wanasema?"

"Mimi ndio nasema. Huyo ako na mtu. Bwana yangu alianza hivyo hivyo, nguo safi kila siku."

"Ya huyu si safi. Inanuka moshi."

"Basi hiyo ni mbaya zaidi. Ameshazoea mpaka anakaa jikoni."

Sadiya alirudi kwake. Miaka kumi na tisa ya ndoa, na sasa hakujua kama jioni ile angekuwa bado na nyumba. Baada ya swala ya alasiri alimwona Waqo akikata njia kuelekea nyumba ya wageni, kwapani amebana kitu kilichofungwa kwa kikoi, mkononi fungu la vijiti. Akajifunika buibui vizuri, akamfuata. Waqo aliingia kwa mlango wa nyuma. Sadiya alitega sikio kwenye ua wa mabati, akaisikia sauti ya mwanamke, ya chini, ya kubembeleza. Kisha ya mumewe: "Pole pole, mama. Pole pole."

Akausukuma mlango kwa mguu.

Mwanamke alikuwepo kweli. Alikuwa bibi mzee wa miaka sabini hivi, mgeni, amevaa ushungi, amepiga magoti kwenye kokoto akipepea moto kwa kifuniko cha sufuria. Macho yalikuwa mekundu. Waqo alichuchumaa kando yake, amekishika kibuyu juu ya moto kama mtu anayechoma mahindi.

"Salaam aleikum," alisema bibi.

Sadiya aliitikia, maana salamu ni salamu. Kisha akamgeukia mumewe, akangoja.

"Huyu mama ametoka Malaysia," Waqo alisema. "Mji yao ni kama hapa tu, kila mlango na kabila yake, kila kabila na sufuria yake. Wamekula ya kila mtu hapa. Nikaona aibu, ya kwetu Waborana je? Nikaleta maziwa kwa kibuyu ya mama. Akakunywa yote, akasema ni tamu. Nikaenda kuswali. Kurudi, ameshaosha."

"Ameosha na nini?"

Waqo akakigeuza kibuyu juu ya moto.

"Na nini, Baba Halake?"

"Sabuni. Na maji moto. Kwao mgeni haachi chombo chafu. Siku tatu tunajaribu kurudisha hiyo harufu."

Hakukuwa na mwanamke wa kumwibia mume. Sadiya alihisi raha mwili mzima, akataka kucheka. Kisha akachukua kibuyu, akafungua, akanusa. Kulikuwa na harufu ya sabuni ya ndimu, na juu yake moshi wa vijiti vilivyounguzwa na mtu asiyejua. Akafumba macho, akanusa tena, akitafuta. Mama hakuwemo.

Hapo alitamani angekuta mwanamke kweli. Mwanamke hufukuzwa, na mambo yakaisha.

"Toka hapo," alimwambia Waqo. "Wewe unachoma, haufukizi."

Akakaa chini. Akachagua kijinga kimoja cha moto, akakipuliza, akakitumbukiza ndani ya kibuyu, akafunika, akatikisa, akasikiliza, akatikisa tena. Bibi alimtazama bila kupepesa macho, machozi yakimtiririka.

"Itarudi?" Waqo aliuliza.

"Ya mama hairudi. Yangu ndio itaingia. Ile ya mama ni ya miaka arobaini." Akafuta mashavu kwa kiganja. "Kwa nini hukuleta hawa wageni nyumbani?"

"Nyumba haina viti."

"Watakaa kwa mkeka. Kesho lete wote." Akamtazama bibi mgeni, aliyekuwa bado amekishikilia kile kifuniko cha sufuria. "Na mwambie, vyombo naosha mimi."