Waliokataliwa na Udongo

Ijumaa asubuhi Nyanchama alifuta ubao, akawasha kiyoyozi, akapanga viti. Chumba chake cha kufundishia kilikuwa orofa ya pili huko Al Thumama, Doha, juu ya duka la dobi, na ndege zilizokuja kutua zilipita chini kiasi cha kumkatiza katikati ya sentensi. Siku za kazi alikuwa mwalimu msaidizi katika shule moja ya watoto wa wageni. Ijumaa aliwafundisha watoto wa Wakenya na Watanzania historia ya Wayahudi na habari za mauaji ya kimbari, kwa fedha za wakfu mmoja wa ng'ambo uliotaka chuki dhidi ya Wayahudi ipungue. Wazazi waliwaleta watoto kwa sababu darasa lilikuwa la bure na wao walitaka kulala.

Alipogeuka kutoka ubaoni, kiti cha nyuma kilikuwa na mwanamke aliyevaa koti zito la sufu, udongo umejaa mabegani na kwenye nywele. Aliitwa Hannah. Alikuwa Myahudi wa Ulaya, fundi cherehani, na alipigwa risasi msituni, nje ya mji wao, mwaka wa 1941. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha wanafunzi. Nyanchama alimpa kitabu, wakaendelea na somo.

Iddi, mlinzi wa jengo, alipanda ngazi akihema.

"Dada, mgeni wako hana kitambulisho."

"Ni marehemu, Iddi."

"Basi niandikie hata jina tu, mudiri wa jengo asije akanigombeza." Aliandikiwa, akateremka zake.

Watoto walipoondoka, Hannah alibaki kitini.

"Sikuja kwa kupenda," alisema. "Kuna watu wanasema hatukuuawa, kwamba tulitunga. Kila anapopatikana mmoja wa kuamini hivyo, udongo unamtoa mmoja wetu. Udongo haushiki mtu ambaye hakufa."

"Na kurudi je?"

"Akipatikana mtu ambaye hakujua, akasikia habari zangu, akaamini mpaka mwisho, nitalala."

"Mimi nakuamini."

"Wewe ulijua tangu zamani. Huhesabiki. Nimechoka, mwalimu. Hujui nilivyochoka."

Ijumaa zilizofuata walikuja wengine: wauza samaki, mwanasheria, mabibi harusi wawili. Mumbua, msichana wa miaka kumi na minne, alikaa na mzee mmoja fundi wa saa akamsikiliza kipindi kizima, akalia, akamuuliza majina ya ndugu zake mmoja mmoja. Mzee akalaza kichwa mezani kama mtu aliyeshiba. Baadaye kitini palibaki udongo mkavu, wakaufagia. Lilikuwa darasa linalofanya kazi, kusema kweli. Waliokuja walikuwa wengi kuliko waliolala, lakini walilala. Kila zamu yake ilipofika, Hannah alisema, "Waanze wazee," akarudi kiti cha nyuma. Nyanchama alimwacha. Alidhani muda upo.

Kisha Herbert wa wakfu akapiga simu ya video. Alikuwa mtu mpole, na ndiyo maana ilimchukua muda kulisema. Wakfu ulikuwa umebadili mwelekeo, fedha sasa zilikwenda kwenye michezo ya simu. Nyanchama akageuza kamera, akamwonyesha safu za marehemu. Herbert akawapungia mkono. Alisema ameguswa sana, ila bodi ingependa kuona mabadiliko kwa walio hai. Mwisho wa mwezi ungekuwa mwisho.

Nyanchama alikwenda kwa Mutai, mwenyekiti wa chama cha Wakenya cha kufaana, aliyekuwa msimamizi wa karakana kule Industrial Area, eneo la viwanda la Doha. Alimwomba awachangishe watu walipe pango la chumba.

"Mwalimu, sikudanganyi," Mutai alisema. "Watu wetu wanachanga msiba. Mtu akifa hapa Doha, kabla ya jioni pesa ya kumpeleka nyumbani imepatikana. Lakini darasa? Tena la Wayahudi? Hapo utaniponza."

"Lakini chumba kimejaa maiti, Mutai."

Mutai aliweka kikombe chini. "Si ungesema mapema!"

Alifungua kundi la WhatsApp papo hapo, akaweka picha ya Hannah na maneno ya rambirambi. Michango ikamiminika, ya mayaya, ya madereva, ya manesi waliokuwa zamu. Nyanchama alipojaribu kueleza kwamba Hannah hahitaji ndege, anahitaji mtu wa kumsikiliza, aliambiwa apumzike, mfiwa hasumbuliwi. Mutai alimuuliza Hannah kwao ni wapi, na nani ataupokea mwili. Hannah akataja mji, mtaa, rangi ya mlango. Mutai akapiga simu huko, tena na tena, mpaka akampata karani wa mji huo. Karani akajibu kwa adabu kwamba watu hao hawapo tena, nyumba ina wenyewe tangu enzi za babu zao, na hapakuwa na mtu wa kutia sahihi.

"Bila mpokeaji, ndege haibebi," Mutai alisema, na machozi yalimlenga kwelikweli. Alirudisha kila mchango kwa mwenyewe, akafunga kundi kwa sala.

Lakini kabla halijafungwa, Tiffany alituma video humo. Tiffany alikuwa nesi, mama yake Mumbua, na rafiki pekee wa Nyanchama mjini hapo. Video ilisema Wayahudi wa Ulaya hawakuuawa, walijitungia wapate kuitawala dunia.

Nyanchama alimpigia papo hapo. "Tiffany! Juzi tu umemwosha Hannah nywele kwa mikono yako!"

"Na nitamwosha tena. Huyu wetu ni mtu mzuri, maskini. Nasema wale wengine."

"Wengine gani?"

"Wale wa kwenye video. Na si mimi nimesema, mimi nimefowadi tu."

Ufunguo ulirudishwa. Chumba kikachukuliwa na muuza manukato. Nyanchama alijaribu kufundisha kwenye ngazi, Iddi akamwomba radhi, kwamba mwenye jengo hataki mikusanyiko. Wazazi wakawapeleka watoto kuogelea, Mumbua naye akapelekwa, akilia. Marehemu wakamfuata mwalimu nyumbani, kwenye chumba chake cha kupanga, wakasimama ukuta kwa ukuta. Hawakula wala hawakuvuta hewa, na ili kufika jikoni alilazimika kuwapita upandeupande akisema samahani. Usiku alisikia simu za majirani zikilia ujumbe, na asubuhi alikuta nyuso mpya. Alikuwa hana tena la kufanya. Siku moja alipiga magoti mbele ya Tiffany, mtu mzima na heshima zake, akamsihi: "Keti na Hannah. Mara moja tu. Msikilize mpaka mwisho, kisha sikuombi kitu tena maishani."

"Ah, kwa hilo tu?" Tiffany alisema. "Inuka bwana."

Aliketi kitandani, akamshika Hannah mkono, akasikiliza. Hannah alimsimulia yote: jirani aliyewaonyesha askari njia, matembezi ya kwenda msituni, wanawe wawili, mdogo wa miaka mitatu aliyetaka kubebwa na jinsi alivyombeba. Tiffany alilia mpaka kanga ikalowa. Hannah akafumba macho, mabega yakashuka, na Nyanchama akaziba mdomo wake kwa viganja viwili.

"Pole, mama," Tiffany alisema, akifuta pua. "Pole sana. Lakini haya mambo ndivyo yalivyokuwa kweli? Maana watu hawakurupuki tu wakaua wenzao. Lazima kuna kitu mliwafanyia."

Hannah alifumbua macho.

Mlango ukabishwa. Tiffany, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu, aliinuka kufungua. Nje alisimama mtoto wa miaka mitatu hivi, udongo kwenye kope.

"Sogeeni kidogo, jamani, mmpishe mtoto," Tiffany alisema, akambeba, akamleta ndani kwa upole.

Hannah alisimama.

"Huyu alikuwa amelala," alisema.