Kompyuta Iliyowarudisha Mlangoni

Kwa siku tatu mama mkubwa na mumewe walikuwa wakisemeshana kwa kununa, na chanzo chake kilikuwa kompyuta. Wakaniita mimi, binti wa mdogo wa mama mkubwa, kwa kuwa ufundi wa mashine hizo ndiyo kazi yangu.

Nilifika Jumamosi asubuhi. Baba mkubwa, mpima ardhi mstaafu ambaye bado huwachorea watu ramani za viwanja, alikuwa ameketi mbele ya skrini, mikono kaifumbata kifuani. Mkewe alikuwa pembeni, kwenye cherehani yake.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Hebu muulize mama yako mkubwa amebadilisha nini humu."

"Sijagusa kitu!" mama mkubwa akadakia. "Mbona hata mimi inanitoa? Au nimejifungia nje mwenyewe?"

Nikamwomba baba mkubwa aandike nywila yake. Akaandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja. Skrini ikawa nyeusi, picha yake ikachungulia kufumba na kufumbua, kisha akarudishwa pale pale pa kuandika nywila.

"Umeona? Inanikaribisha, halafu inanitimua."

Hapo nikajua nywila haina kosa, maana ingekuwa nalo mashine ingesema. Mama mkubwa naye alipojaribu kwa jina lake, yakawa yale yale. Basi tatizo halikuwa la mtu mmoja. Nikaingia kwa njia ya mafundi, ule ukurasa mweusi wa maandishi matupu, nikauliza diski imebakiwa na nafasi kiasi gani. Jibu: sifuri.

"Imejaa pomoni," nikawaambia. "Mtu akiingia, mashine huandika kifaili kidogo cha kumwanzishia kazi. Ikikosa pa kukiandika, inamtoa."

"Imejaa nini? Ramani zangu zote hazijazi kiganja!"

Nikatafuta faili kubwa kubwa. Nikazikuta kwenye folda ya mama mkubwa: sauti zilizorekodiwa, thelathini na moja, kila moja ya saa saba au nane. Cherehani ikanyamaza.

"Ni huyo," mama mkubwa akasema, macho kwenye kitambaa. "Anavyokoroma. Kila nikimwambia ananikatalia. Nikasema ngoja nimrekodi kwa simu, nihifadhi humu."

Baba mkubwa akaangua kicheko. "Mwezi mzima? Umenigeuza redio!"

Nikazihamishia zote kwenye diski yangu ya nje, nikaiwasha mashine upya. Safari hii baba mkubwa aliandika nywila, ramani zake zikafunguka na kutulia. Nilidhani kazi imekwisha.

"Mbona hukunisikilizisha tangu siku ya kwanza?" akamuuliza mkewe, bado anacheka.

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Mwanangu, hebu mfungulie."

Nikafungua moja, nikaisogeza hadi katikati. Mkoromo ukatoka kama meza inayoburutwa sakafuni, sote tukatabasamu. Ghafla ukakatika. Nikatazama sekunde zinavyopita: kumi, ishirini, thelathini na nane. Kisha tukasikia mtu akivuta pumzi kwa kishindo, kama aliyekabwa akaachiwa. Mkoromo ukaanza tena, ukakatika tena.

"Huwa nahesabu," mama mkubwa akasema. "Ikifika hamsini namsukuma ubavuni. Yeye anadhani nagombea shuka."

Baba mkubwa hakucheka tena. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa.

"Nilidhani ni uzee," akasema. "Kuamka nimechoka kila siku." Akanigeukia. "Mama, niwekee tatu kati ya hizo kwenye flashi. Hospitali watanielewa vizuri wakisikia wenyewe."

Walikwenda Jumanne, wote wawili. Daktari alisikiliza dakika chache tu, akaagiza alazwe usiku mmoja akiwa na nyaya za kupima pumzi. Ikaonekana koo lake huziba anapolala. Wakampa barakoa ya kuvaa kitandani, yenye mpira unaopuliza hewa kutoka kwenye kimashine kidogo. Wiki ya kwanza alilalamika kwamba inamchubua pua. Wiki ya pili akaacha kulalamika.

Mwezi ulipokwisha, mama mkubwa akanipigia simu. Sauti yake ilikuwa nyepesi.

"Leo mteja kanigongea dirisha jua limeshapanda," akasema. "Nimelala, mwanangu. Nimelala hadi nikaona aibu."