Mistari ya Shume

Maabarani walimwita Bi Darubini, kwa kuwa akishainamia kioo, hata umwite mara tatu hasikii. Kaka yake, askari wa wanyamapori, ndiye aliyemletea lile sanduku la barafu: vipande vya mioyo ya wanyama kumi na mmoja waliokutwa wamekufa, wengine msituni, wengine mitaani, atafute humo kimelea kinachoenezwa na paka.

"Mdogo wangu, na yule paka shume wa jalalani yumo," alisema. "Ubabe wote ule, gari limemmaliza."

Mkuu wa maabara hakuona haja. "Kimelea hiki kila paka anacho, kila panya anacho. Ukikijua kimoja umevijua vyote. Unatwanga maji kwenye kinu."

"Niache nitwange, mkuu. Nikichoka nitasema."

Akatwanga siku tisa. Alitenga vinasaba vya kimelea, akavikatakata, akavipitisha kwenye umeme mpaka vikajipanga mistari, kila ukoo na mpangilio wake. Alitarajia mpangilio mmoja, ikizidi sana miwili. Asubuhi ya siku ya kumi akawasha taa ya zambarau, akaanza kulinganisha mistari. Nguruwe pori alikuwa na mpangilio wake. Fungo na wake. Paka pori wawili waliookotwa bonde moja hawakufanana hata kidogo. Koo saba!

Akafika kwa shume. Nusu ya mistari ilikuwa ileile ya mbwa koko wa mtaani, nusu ya paka pori. Akadhani amechanganya sampuli. Akarudia toka mwanzo, mara mbili. Vilevile.

Akampigia kaka yake. "Yule shume alikuwa akitembea wapi?"

"Wapi hakutembea? Mchana jalalani, jioni msituni anawinda. Kafanya nini tena?"

"Vimelea hivi huoana ndani ya utumbo wa paka tu, kaka. Tumboni mwake, au mwa paka aliyemtangulia, cha msitu na cha mtaa vilikutana, vikazaa."

"Harusi yote hiyo, na sisi hatukualikwa!"

Bi Darubini alicheka, kisha akajikuta analia. Kitu kisichoonekana kwa macho, nacho kina ukoo, kina wakwe!

Mkuu alipoitwa aliinama akatazama. Akavua miwani, akaifuta, akainama tena.

"Mwambie kaka yako alete wengine," hatimaye alisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeingia nyumba ya ibada. "Asiache hata panya."