Milango ya Larkfield

Mume wangu Hamad ana milango mitano isiyo na nyumba, na kwa miaka mingi mimi na milango hiyo tumeishi kama wake wenza. Imeegemea ukutani katika banda letu la bustani, hapa Ealing kwa Waingereza, na imefukuza kila kitu humo: baiskeli za watoto, friza, hata mbuzi wangu wa kukunia nazi.

Ealing ni mtaa wa sinema. Studio ipo mpaka leo, na Larkfield, barabara ya pili kutoka kwetu, ndiko walikoishi watu wa kazi hiyo: mwanamke aliyezoea kuigiza malkia, wapiga picha, fundi wa kunyesha mvua ya uongo. Nyumba zao zilikuwa nzuri, nakiri, za matofali mekundu na vioo vya rangi. Zikavunjwa moja baada ya nyingine, pakaota fleti na maegesho ya magari. Kila ilipovunjwa moja, Hamad alikwenda na tai yake ya ofisini shingoni, akawaomba wavunjaji mlango. Wakacheka, wakampa. Yeye na rafiki yake Muhsin wakaubeba mabegani kama jeneza mpaka nyumbani.

Kwao Unguja mlango ndio unaosimamishwa kwanza, kuta hufuata. Na nyumba ikianguka, mlango hupewa mtoto. Hamad hakupewa. Aliondoka mwaka wa sitini na nne akiwa kijana, na aliporudi kutazama, mahali pa nyumba ya baba yake palikuwa na shimo lililoota majani. Mlango ulikokwenda hakuna aliyejua. Aliniambia hayo mara moja tu. Nikampa pole, kisha nikaendelea kulalamikia banda langu.

Sasa uzee umetufika. Ngazi zimenishinda, nyumba tumeiuza, tunahamia fleti ndogo Rayners Lane, karibu na mwanetu Munir. Kabati langu la vyombo, lile la vioo, lingeenea huko kwa shida. Nikasema wazi: milango haiji. Sandeep, mwenye gari la mizigo, atakuja Jumamosi aipeleke jaani. Hamad hakubisha. Angebisha ningemweza, maana kwa maneno sishindwi. Ila chakula kikawa hakimpiti.

Ijumaa, akitoka msikitini, akamsikia binti kituoni mwa basi akizungumza Kiswahili kwenye simu. Hamad hana haya. Akamsalimia, akamsimulia milango yake yote mitano. Kumbe binti huyo, Mwende, Mkenya, kazi yake ni kumtunza bibi wa Kiingereza aliyezaliwa Larkfield. Jioni wakawa mlangoni kwetu, Mwende akisukuma kiti cha magurudumu, na Bi Rosalind ndani yake, mwembamba, midomo imekolea rangi nyekundu.

"Amekataa kungoja kesho, Mama," Mwende akaniambia. "Tangu nimwambie, ni koti tu anataka avishwe."

Baba yake Bi Rosalind ndiye aliyekuwa fundi wa mvua. Hamad akautoa bandani mlango wa buluu, tukausimamisha bustanini, mimi na yeye tukiushikilia upande mmoja, wageni wakiwa upande wa pili. Mlango ule una pete mbili za shaba za kubishia: moja juu, panapostahili, na nyingine ndogo, chini, usawa wa paja. Hamad huwaambia wageni kuwa ya chini ni ya paka, maana paka wa Kizungu ana adabu, haingii bila hodi.

Hamad akayarudia hayo kwa Kiswahili, Mwende akamtafsiria. Bi Rosalind akacheka mpaka akakohoa.

"Ya paka! Ilikuwa yangu," akasema. "Nilikuwa nikilia kwamba kila mtu anabisha nyumbani kwetu, ila mimi tu. Baba akaniwekea."

Mwende akamsogeza. Ya juu hakuifikia, kiti hakikumruhusu. Akanyoosha mkono mbele yake, na ile ndogo ikawa hapo hapo, sawa na kimo chake. Akabisha.

Mgeni akibisha huitikiwa. Nikamtazama Hamad, machozi yanamtiririka. Moyo ukaniuma, nikaona haya kwa miaka yote niliyomcheka mwanamume huyu. Alikuwa amewatunzia watu nyumba zao, yeye ambaye yake hakutunziwa. Basi nikaitika mimi, kwa sauti, kama ninavyomwitikia mtoto aliyerudi kutoka kucheza:

"Karibu, mwanangu. Pita ndani."

Tukaufungua mlango kwa kuuvuta pembeni, na Bi Rosalind akaingia.

Jumamosi Sandeep akaja. "Anti, kipi cha jaani?"

Nikamwonyesha kabati la vioo.

"Mama Munir!" Hamad akashtuka. "Kabati lako?"

"Shika milango yako huko kabla sijageuka," nikamwambia. "Na ule wa buluu upakie mwisho, ndio utakaoshuka kwanza."