Pua Kwanza

Mwalimu wa fizikia alianza somo la usambaaji kwa kumwaga manukato kidogo kwenye kisahani, mbele ya darasa, akawaambia wanafunzi kila atakayeyasikia anyooshe mkono. Mikono ikapanda safu kwa safu mpaka kwa walioketi nyuma kabisa. Akawaeleza kwamba hakuna aliyeyasukuma; chembe zenyewe hutangatanga, zikitoka palipojaa kwenda palipo na nafasi. Kisha akaongeza jambo lisilokuwamo kitabuni: gesi ya kupikia ikivuja hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo kabla ya kuwasha kiberiti, nusa.

"Pua kwanza," aliwaambia. Wakacheka, kengele ikalia.

Maneno hayo alishachoka kumwambia mama yake, fundi cherehani mstaafu aliyeishi peke yake upande wa pili wa mji. Kila akigusia habari za jiko, mama alimjibu kwamba alianza kupika kabla fizikia haijazaliwa. Walinuniana, yakaisha, yakaanza upya.

Miezi minne baadaye, asubuhi, akiwa anasahihisha madaftari, alipigiwa simu na jirani wa mama yake, fundi baiskeli. Mtungi wa gesi wa mama umevuja, aje upesi. Simu ikakatika hapohapo. Mwalimu alitoka na kalamu nyekundu mkononi, akadandia pikipiki ya kukodi. Njia nzima hata dua ilimkataa. Alikuwa akiwaza tu udogo wa jiko lile na dirisha lake moja.

Alimkuta mama amekaa nje kwenye kigoda, mzima wa afya, amekasirika kwa kuwa hajanywa chai. Mlango na dirisha vilikuwa wazi. Fundi baiskeli alishaufunga mtungi na kuutoa uani. Mpira wake ulikuwa umetafunwa na panya. Mwalimu akaketi palepale chini.

"Nilishashika kiberiti," mama alisema. "Nikakumbuka, pua kwanza."

"Nani alikwambia?"

"Msusi wangu. Pale saluni siku hizi wote wanasema hivyo. Yeye alisikia kwa dereva mmoja wa lori, sijui nani."

"Mama, mimi nimekwambia mara ngapi?"

"Wewe ni mwanangu. Msusi ameshika kichwa changu, nitambishia vipi?"

Mwalimu alicheka mpaka machozi yakamtoka, na kicheko kilipokwisha machozi yakaendelea. Mama akamvuta, akamlaza kichwa pajani kama zamani, akamfuta uso kwa upindo wa gauni. Neno lile lilianzia wapi, mwalimu hakumwambia. Alimpigia mwalimu mkuu, akaomba udhuru kwamba leo harudi, kisha akavua viatu na kwenda kwa fundi baiskeli kuomba maji ya moto ya chai.